Rafiki mwaminifu, deni lililokwama: uchambuzi wa kisa cha N na T

## Kabla ya yote

Kisa hiki ni cha kweli. Wahusika wote wawili wamekisoma na wamekubali kiandikwe, ila majina nimeyatoa, mahali nimepatoa, na baadhi ya vitu vinavyoweza kuwatambulisha nimevibadilisha. Aliyekopesha namuita N, aliyekopa namuita T. Wote ni wanawake, wote wanalipwa mshahara, na urafiki wao una miaka 14. Mimi niliitwa katikati mambo yakiwa yameshaharibika, kwahiyo ya mwanzoni nimeyapata kwa kumsikiliza kila mmoja kwa wakati wake halafu nikalinganisha na meseji zao.

Kuhusu hela, sitaji sarafu. Tuchukulie mshahara wa T kwa mwezi ni 100, hesabu nyingine zote zinafuata kipimo hicho hicho. Nikisema alikopa 25 maana yake ni robo ya mshahara wake.

## Walipotokea

N ni mtu wa kupanga. Ana akiba ya dharura aliyoijenga kwa miaka, kidogo kidogo, na haigusi. T ni mchapakazi kuliko hata N, mchana yuko ofisini, usiku anashona nguo za wateja, na hiyo ya kushona inamwingizia wastani wa 20 kwa mwezi, ila ni wastani wa hatari kwasababu kuna mwezi inaingia 40 na kuna mwezi haiingii kitu kabisa. Tatizo lake ni kwamba mshahara unaingia tarehe 28 na ikifika tarehe 10 umeisha, kuanzia hapo anaishi kwa kukopa ya huku aizibe ya kule. Anaishi hivyo miaka mingi na kwa nje huoni, anapendeza, anachangia kwenye shughuli za watu, simu anapokea.

Na T sio tapeli, hili naliweka mapema kwasababu ndo moyo wa kisa chote. T ni mtu ukimwachia pochi yako mwaka mzima unaikuta ilivyo. N alilijua hilo, na kila alipoombwa hela alijiuliza swali moja tu, je huyu ni mwaminifu? Jibu lilikuwa ndiyo kila mara, na kila mara lilikuwa sahihi, na bado hela haikurudi. Swali ambalo hakuwahi kuliuliza ni hela ikiingia mikononi mwa huyu inakaa siku ngapi, na inatokea mlango gani.

## Mkopo wa kwanza na wa pili

Mkopo wa kwanza ulikuwa 10, wa wiki mbili. T alisema atarudisha Ijumaa na Ijumaa saa 6 mchana hela ikaingia, na meseji ya shukrani ndefu juu yake. N akafurahi, kwake huo ulikuwa mtihani na T kaufaulu.

Miezi mingi baadaye kwenye kikao T ndo akasema ukweli wa ile Ijumaa. Asubuhi ya saa 4 alichukua mkopo wa simu, saa 6 akamlipa N. Yaani lile deni halikulipwa, lilihamishwa tu kutoka kwa rafiki asiyetoza riba kwenda kwa mkopeshaji anayetoza asilimia 15 kwa mwezi. Na T alipofanya vile hakuona kama anadanganya, aliona anatunza heshima. "Ningefanyaje mwaya, nilishasema Ijumaa."

Mkopo wa pili ulikuwa 25, ahadi mwezi mmoja. Ulirudi kwa miezi miwili vipande vitatu, 10, 10, na 5, na ile 5 ya mwisho N alikuwa ameshaisahau. Kichwani mwa N na huu uliandikwa "amelipa". Mimi nikiangalia sasa naona hapa ndipo palipokuwa na habari yote, mtu ambaye robo ya mshahara imemshinda kurudisha kwa mwezi mmoja ameshakuonyesha nafasi aliyonayo ni ndogo kiasi gani. Ila ukishampenda mtu unaangalia kwamba kamaliza, huangalii kamalizaje.

## Mkopo wa tatu, ule wa 150

Mwaka uliofuata T akaja na ombi kubwa. Alitaka kununua cherehani ya umeme, ya mkononi mwa mtu lakini nzima, ili aache kushonea kwenye cherehani ya kuazima na apokee kazi nyingi zaidi. Meseji yenyewe ilikuwa hivi: "Shosti naomba unisitiri kwa hili la mwisho, nikipata hiyo mashine mwezi wa tatu nitakuwa nimekurudishia yote, 50 kila mwezi, nakuapia."

Wazo lilikuwa zuri kweli na lilikuwa na akili. N alikaa nalo siku mbili, kisha akatoa kwenye akiba ya dharura. Nilimuuliza kwanini alikubali akanipa sababu tatu, kwamba T hajawahi kumdhulumu, kwamba ni hela ya kuzalisha sio ya kula, na kwamba angekataa angeonekana hamtakii mwenzie maendeleo. Hii ya tatu aliisema kwa sauti ya chini na mimi naamini ndo iliyobeba mzigo mkubwa kuliko mbili za kwanza. Hakuna kilichoandikwa. Uthibitisho pekee ni meseji ya T: "Imeingia yote, Mungu akubariki sana sana."

Mashine iligharimu 60.

N hakuuliza bei. Aliombwa 150 akatoa 150. T naye hakusema uongo, hakusema mashine ni 150, alisema "naomba 150 nataka kununua mashine" na sentensi ile ikaachwa ijimalizie yenyewe kichwani mwa N. Zilizobaki ni 90. Kati ya hizo 52 zilienda kulipa mikopo ya simu iliyokuwa imemkaba wakati ule, 20 zikalipa kodi ya nyumba iliyochelewa, na 18, nanukuu, "hizo hata mimi sijui zilienda wapi, nimekaa nimewaza nimeshindwa."

Sasa ile ahadi ya 50 kwa mwezi. Nilimuuliza T, hii 50 uliitoa wapi? Akasema "nilichukua 150 nikagawa kwa tatu." Yaani rejesho lilitokana na kuligawa deni, mshahara wenyewe haukuangaliwa. Tukafanya hesabu ambayo ilitakiwa ifanyike siku ile: kodi na nauli 45, madeni mengine yalikuwa yanamla kama 40 kwa mwezi, ukiongeza 50 ya N inakuwa 135 kwenye mshahara wa 100, na hapo bado hajala. Mkopo ulikuwa umeshindwa kabla hela haijatoka kwenye akaunti ya N, na hakuna kati yao aliyekuwa na nia mbaya.

## Miezi saba

Mwezi wa kwanza T alilipa 50 kamili, kwa kuchukua tena mkopo wa simu, na N hakujua. Mwezi wa pili alileta 10 na maelezo marefu. Mwezi wa tatu hakuleta kitu, alituma salamu tu.

Hapa N alifanya uamuzi ambao watu wengi wangeufanya, akaamua kunyamaza. Alisema "sitaki nionekane nadai, mtu mzima anajua deni lake." T kwa upande wake aliusoma ule ukimya kwa namna mbili, siku nyingine alijipa moyo kwamba N hana shida na hela, siku nyingine aliona N kachukia kiasi kwamba hata kuongea hataki, na kwa vyovyote vile aliona ni bora asimpigie mpaka awe na kitu mkononi. Kitu mkononi hakikupatikana. Ndo hivyo watu wa miaka 14 wakapitisha wiki sita bila kusikia sauti ya mwenzake.

Mwezi wa nne T aliweka picha yake kwenye stetasi ya WhatsApp, amesuka nywele mpya, amependeza. N aliiangalia ile picha mara tatu. Kesho yake na yeye akaweka stetasi yake: "Kuna watu wanakula hela za watu halafu wanapendeza." T aliisoma saa hiyohiyo, akazima simu, na baada ya hapo akawa haangalii kitu chochote cha N.

Zile nywele T hakuzilipia hata senti. Msusi alikuwa mteja wake anayedaiwa hela ya nguo, hakuwa na hela, akamlipa kwa kumsuka. Kwa T ilikuwa ni deni lililokufa kwa njia hiyo na kwa N ilikuwa ni hela yake imekaa kichwani kwa mtu. Nimelitaja kwa urefu kwasababu kwenye visa vya namna hii hiki ndo kinachoua urafiki kuliko deni lenyewe, ukishamkopesha mtu unaanza kuhesabu vitu anavyovaa.

Mwezi wa tano N alimwambia rafiki wa tatu, sio kwa ubaya, alikuwa anatua mzigo tu, na ndani ya siku nne T akasikia kwa mtu mwingine kabisa kwamba yeye ni mla hela za watu. Mwezi wa sita mzazi wa N akalazwa hospitali. Ile akiba iliyotakiwa kuwepo kwa ajili ya siku kama hiyo ilikuwa na pengo. N akampigia T analia. T hakuwa na kitu, akakopa tena kwenye simu, akatuma 15. Kwake ilikuwa ni kujichinja, kwa N ilikuwa ni dharau, na N hakujibu hata "nimepata".

Mpaka hapo zilizorudi ni 50, 10, na 15, jumla 75. Nusu kamili.

Mwezi wa saba T akaja na ombi jipya, na hapa ndo nikaitwa. Alipata mkopeshaji wa kumpa 200 kwa miezi 24, afute madeni yote likiwemo la N, ila alihitaji mdhamini, akamwomba N. Hoja yake ilikuwa nyepesi na ya kushawishi, ukisaini tu wewe unalipwa yako yote kesho.

## Kikao

Tulikaa kwangu, Jumapili mchana, karibu saa tatu nzima. Nilimuomba T aandike madeni yake yote kwenye daftari. Aliandika manne: N, mkopo wa kazini unaokatwa kwenye mshahara, muuza vitambaa, na rafiki mmoja. Akafunga daftari akaweka kiganja juu yake.

Nikamuomba afungue simu, atafute neno "mkopo" kwenye meseji zake. Zikashuka. Mikopo mitatu ya simu, 12, 9, na 6. Nikamuuliza kuhusu wateja waliolipa nusu na nguo bado hazijashonwa, akanyamaza, halafu akasema hilo sio deni, ni kazi. Ni deni. Umepokea hela ya mtu, umeitumia, na unadaiwa nguo, tena hatari yake ni kwamba mteja akighairi anataka taslimu. Zilikuwa 11. Halafu akamkumbuka rafiki mwingine wa 8. Yakawa madeni tisa, jumla 165, na mtu aliyekuwa anayabeba hajawahi kuyaona kwenye ukurasa mmoja. Aliangalia ile jumla muda mrefu bila kusema kitu.

Kitu kingine kikajitokeza ambacho sikukitarajia. N alisema anadai 75, T akasema hapana, ni 68. Kumbe mwezi wa tatu T alimshonea N gauni, na kichwani mwake akakata 7 kwenye deni. N alijua ni zawadi, alikuwa ameshalivaa mara mbili na kumshukuru. Hakuna aliyekuwa anadanganya, kila mmoja alikuwa na daftari lake kichwani na madaftari hayafanani. T mwenyewe ndo alikata shauri, akasema gauni libaki zawadi, deni libaki 75.

## Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa udhamini, na N alikataa. Nilimuunga mkono bila kusita. Watu wengi wanadhani mdhamini ni kama shahidi, mtu wa kusema "namfahamu huyu". Mdhamini ni mlipaji wa akiba. Mikataba mingi ya mikopo inampa mkopeshaji haki ya kumfuata mdhamini mara tu malipo yanapokwama, na kama hana hela kinachofuata ni mali yake. Hili ni onyo la zamani sana, Mithali 22:26-27 inawaambia wanaojiweka dhamana kwa madeni ya wengine kwamba wakikosa cha kulipa kitanda chao kitachukuliwa chini yao. Na kwa kisa hiki mahsusi, N angelipwa 75 kesho huku akibeba hatari ya 200 kwa miaka miwili, kwa mtu ambaye mlango unaotoa hela bado uko wazi.

Pili, nani alipwe kwanza. Hapa palikuwa pagumu kihisia. N alikuwa ndo mdai mkubwa, amesubiri kuliko wote na ameumia kuliko wote, na mimi nikapendekeza mikopo ya simu imalizwe kwanza. Alikasirika, "kwahiyo mimi tena ndo wa mwisho?" Nikamwonyesha hesabu. Ile mikopo mitatu jumla ni 27, ada yake asilimia 15 kwa mwezi, yaani kama 4 kila mwezi za kuisogeza mbele tu. Mtu akiisogeza mwaka mzima atakuwa amelipa karibu 49 na ile 27 bado iko palepale. Na asipolipa kabisa, ada ikajumlishwa kwenye deni kila mwezi, baada ya miezi 12 deni linakuwa mara 5 na zaidi, 27 inakaribia 145. Ndo maana mikopo ya aina hii watu wanaiita kausha damu. Deni la N halizai. Kila siku ile mikopo ikiwa hai inakula hela ambayo ingemfikia N. Akakubali, kwa sharti kwamba na yeye apate kitu kila mwezi hata kidogo, asiwe mtu wa kusubiri tu. Sharti lile lilikuwa la haki.

Tatu, kiasi. Safari hii tulianzia kwenye mshahara. 100, toa matumizi ya lazima 62, toa 5 inayokatwa kazini, inabaki 33 ya kugawana madeni yote. Hela ya kushona hatukuihesabu kabisa, kwasababu haina uhakika, ikija iende kwanza kumaliza nguo za wateja waliolipa nusu. Miezi miwili ya mwanzo N apate 3, mikopo ya simu ikishakufa apate 8. Kwa mtu aliyeahidiwa 50 hiyo 8 inaonekana kama kejeli. Ila 50 ilikuwa neno, 8 ilikuwa hela.

Nne, tarehe. 28, siku mshahara unapoingia, kwa agizo la kudumu benki, hela inatoka yenyewe kabla T hajaamka. Hatukumwambia T ajitahidi kuwa na nidhamu, nidhamu ndo kitu ambacho hana, tulimwondolea hitaji la kuwa nayo kwa hilo moja.

Tano, maandishi. Ukurasa mmoja, kiasi, tarehe, saini mbili na yangu ya tatu. N aliona aibu kidogo kuandikishana na rafiki yake. Mimi namwambia mtu yeyote mwenye aibu hiyo kwamba aya ndefu kuliko zote kwenye Qurani, Al-Baqara 282, ni ya kuandika madeni, na haisemi kuandika kunapunguza udugu. Aya mbili kabla yake, 280, inaagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Muda na maandishi vimewekwa jirani, na sisi tulivihitaji vyote viwili. Kwenye ukurasa tukaongeza mstari mmoja: mwezi ukiwa mgumu T anasema kabla ya tarehe 25, kwa kupiga, sio meseji. Na N akaahidi kitu kimoja, hataweka tena kijembe popote, akiwa na neno atampigia mwenyewe.

## Matokeo

Mikopo ya simu ilikufa ndani ya miezi miwili. N alipata 3 na 3, halafu 8 zikaanza kuingia. Mwezi wa sita T alipiga tarehe 24 akasema mwezi huu siwezi, mtoto anaumwa. N aliniambia alishangaa kwamba hakuumia. Hela haikuja na hakuumia, wakati ile 15 iliyokuja bila maneno ilimuumiza miezi mitatu.

Mwezi wa saba T aliteleza. Alichukua mkopo mpya wa simu, wa 5, akauficha wiki tatu, halafu akaniambia mimi. Tuliulipa. Sitaki kulipamba, mtu habadiliki kwa ukurasa mmoja wa daftari.

Ninapoandika ni mwezi wa kumi na moja unaanza. N ameshapokea 62, zimebaki 13. Alitaka kuzisamehe T akakataa, akasema niache nimalize. Cherehani ipo na inafanya kazi, wateja wake hawalipi tena nusu kwake mkononi, wanalipa kwa muuza vitambaa moja kwa moja. Urafiki umerudi ila haujarudi wote, wanaongea, wanacheka, lakini N hajamwambia T kwamba akiba yake imejaa tena na amesema hatamwambia.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwa nguvu kuliko vyote ni ile tarehe. Mengine yote, maandishi, hesabu, kikao, yasingefika popote kama hela ingepita mkononi mwa T kwanza. Ukimkopesha mtu ambaye mshahara wake unakufa tarehe 10, rejesho la tarehe 15 ni ndoto hata akiapa kwa machozi, na la tarehe 28 asubuhi linawezekana hata akiwa kanuna.

Kilichoharibu kwa upande wa N kilianza kwenye ule mkopo wa kwanza aliougeuza mtihani. Rejesho la wakati halikuambii limetoka wapi. Angeuliza tu "umepata wapi" kwa upole, naamini T angemwambia, kwasababu T hajui kudanganya akiulizwa ana kwa ana, anajua kukaa kimya asipoulizwa. Na ule wa 150, N angeweza kusema mashine shilingi ngapi, twende tukainunue pamoja. Ingetoka 60 ikaenda kwa muuza mashine, 90 zingebaki kwenye akiba, na siku mzazi wake amelazwa zingekuwepo. Najua kuna watakaosema huko ni kumdhalilisha mtu mzima. Mimi nilimuuliza T kama angejisikia vibaya, akasema angejisikia vibaya siku moja.

Kwa upande wa T kosa sio kukopa, ni kuahidi. Kila ahadi aliitoa ili dakika ile ipite vizuri, ili N asikunje uso. Tunasema kukopa harusi kulipa matanga, ila kwake matanga yalianza kwenye ile ahadi yenyewe, kwasababu alipoiogopa Ijumaa akakopa kwa riba, alipoiogopa tarehe 28 akakopa kwa riba tena. Angesema "sitaweza mwezi huu" mara ya kwanza kabisa, asingehitaji ile 52.

Na kuna kosa langu. Ile kufungua meseji za simu mbele ya N nilidhani ni uwazi, kwamba yote yatoke mezani mara moja tumalize. T aliniambia baadaye, tena baada ya ule mkopo wa 5, "siku ile nilijisikia kama nimevuliwa nguo mbele ya mtu ninayemheshimu." Nikamuuliza ndo maana ukaficha wiki tatu? Akasema ndiyo, aliogopa kikao kingine. Aibu ndo iliyokuwa inazalisha madeni tangu ile Ijumaa ya kwanza na mimi nilimuongezea nyingine, wakati orodha ileile tungeweza kuiandika mimi na yeye, Jumamosi, halafu Jumapili N akaletewa jumla tu na mpango.

Tangu hapo nimeitwa kwenye visa viwili vingine. Vyote nimekaa na mkopaji kwanza, peke yake, siku moja kabla, na simu yake anaifungua mwenyewe akiwa tayari.